Kisu Kikae Alani: Ng'ombe Aliyekufa Ghafla Asipasuliwe

Umeamka alfajiri. Umekwenda zizini. Ng'ombe mmoja amelala chini, hatikisiki. Jana jioni alirudi malishoni vizuri. Alikunywa maji kama wenzake. Leo amekufa. Tumbo limevimba kama ngoma. Puani imetoka damu nyeusi, nyepesi, isiyoganda.

Je, utafanya nini?

Wengi wetu tunajua kinachofuata. Majirani wanakuja. Wa kwanza anasema, "Pole sana." Wa pili anauliza, "Tumchune?" Wa tatu tayari ameshika kisu. Ng'ombe huyo alikuwa sare za mtoto wa shule. Alikuwa mabati ya nyumba. Kumwacha bure ni hasara juu ya hasara. Angalau nyama iliwe. Angalau ngozi iuzwe.

Hapo ndipo ninapokuomba jambo moja. Kisu kikae alani. Soma habari hii kwanza. Kama kuna mtu nyumbani ambaye bado hajajua kusoma, msomee.

NILICHOKIONA KWA MACHO YANGU

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo. Nimefanya kazi katika vijiji vya Handeni na Korogwe kwa miaka mingi. Kazi yangu hasa ni mahindi, mihogo na maharage. Lakini kijijini watu hawaulizi cheti cha nini. Kuku akizubaa, anaitwa bwana shamba. Ng'ombe akianguka, anaitwa bwana shamba.

Siku moja wakati wa masika nilipigiwa simu kutoka kijiji kimoja. Sitakitaja jina. Ng'ombe amekufa ghafla, na damu inamtoka puani. Nikajibu, "Msimguse. Msimle. Ninakuja na afisa mifugo."

Mvua ilikuwa imekata barabara. Pikipiki ilizama kwenye matope mara tatu. Tulifika saa kumi jioni. Ng'ombe hakuwepo. Tulikuta doa jeusi la damu ardhini na inzi wengi. Nyama ilikuwa imekwisha gawanywa.

Afisa mifugo akauliza, "Kichwa kiko wapi?" Alitaka kuchukua tone la damu sikioni, likapimwe. Mama mmoja alionyesha sufuria jikoni. Kichwa kilikuwa kinachemka. Sikio lilikuwa supu.

Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba nyama irudishwe. Wengine walirudisha. Wengine walisema wamekwisha kula. Wengine walituangalia tu. Kile kilichopatikana kilichomwa moto pamoja na matumbo na ngozi. Pale palipomwagika damu tulipazungushia miiba.

Siku ya nne, kijana aliyechuna aliota kipele mkononi, karibu na kiwiko. Kilimwasha. Alifikiri ameumwa na mdudu. Kipele kikawa lengelenge. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda chenye gamba jeusi katikati, na mkono ukavimba. Lakini hakikumwuma. Kwa kuwa hakikumwuma, hakuona sababu ya kwenda zahanati. Mke wake ndiye aliyemlazimisha. Mganga wa zahanati alisikia habari ya yule ng'ombe, akamtibu kama mgonjwa wa kimeta. Akapona. Kovu lipo hadi leo.

Ndugu msomaji, baadaye nilijiuliza, kosa lilikuwa la nani? Wale wananchi si watu wabishi. Kosa lilikuwa langu pia. Niliamuru kwa simu, sikueleza sababu. Mtu mzima akikatazwa nyama yake bila kuelezwa sababu, atakula. Kwa hiyo leo ninaeleza.

KIMETA NI NINI?

Kimeta ni ugonjwa unaoua wanyama wanaokula majani: ng'ombe, kondoo, mbuzi, na wanyama wa porini kama swala, nyati, nyumbu na viboko. Mtu naye huugua. Huupata kutoka kwa mnyama au kutoka katika nyama, damu, ngozi, manyoya na mifupa yake. Ni nadra sana mtu kumwambukiza mtu mwenzake.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kidogo mno cha aina ya bakteria. Jicho halikioni. Huonekana kwa hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu vidogo. Kwenye hadubini kijidudu hiki huonekana kama kijiti. Vijiti vingi hujipanga mwisho kwa mwisho, kama vipande vya muwa vilivyolazwa kwenye mstari.

Kijiti hiki kikiwa ndani ya mwili wa mnyama huzaana upesi sana. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Hutoa sumu. Sumu hiyo huharibu mishipa ya damu. Mnyama hupata homa kali, hutetemeka, hupumua kwa shida, kisha huanguka. Mara nyingi hakuna anayeona dalili hizo, maana mnyama hufa kwa saa chache tu. Wakati anapokufa, tone moja la damu yake lina mamilioni ya vijiti hivyo.

MBEGU YENYE GANDA GUMU

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Ukilielewa hili, utaelewa mengine yote.

Fikiri habari ya mbegu ya mkwaju. Ina ganda gumu. Iweke juani, haifi. Iweke kwenye kopo mwaka mzima, haifi. Inalala tu. Siku itakapopata udongo, maji na joto, itaota.

Kijidudu cha kimeta nacho kina akili ya namna hiyo. Kikiwa kijiti ndani ya damu, ni dhaifu. Joto la moto hukiua. Jua hukiua. Hata kuoza kwa mzoga hukiua. Lakini kikitoka nje ya mwili na kupata hewa, hubadilika. Ndani ya kijiti hutokea kitu cha mviringo, kidogo kuliko kijiti chenyewe, chenye maganda magumu yaliyopangana. Kijiti huchakaa na kutoweka. Kile cha mviringo hubaki. Wataalamu hukiita spora. Sisi hapa tutakiita mbegu ya kimeta.

Mbegu hiyo haili, hainywi, haikui. Imelala. Kwa kuwa haifanyi kazi yo yote, haihitaji cho chote. Kiangazi hakiiui. Jua la siku chache halitoshi. Baridi haiiui. Chumvi ya kukaushia nyama au ngozi haiiui. Moshi wa kukaushia nyama hauiui. Maji yakichemka kwa dakika chache, baadhi ya mbegu huweza kubaki hai. Ndiyo sababu hatusemi, "Pika sana halafu ule." Tunasema, "Usile kabisa." Tena kabla nyama haijafika chunguni, mkono umekwisha ishika, kisu kimekwisha ikata, na ubao wa kukatia mboga umekwisha pakwa damu.

Mbegu hulala ardhini mpaka mnyama mwingine aje kula majani mafupi na kumeza udongo pamoja nayo. Ndani ya tumbo lenye joto na unyevu, mbegu huamka. Ganda hufunguka. Kijiti hutoka. Mzunguko unaanza upya.

ITALALA MIAKA MINGAPI?

Pengine utauliza, "Bwana shamba, hiyo mbegu italala muda gani? Mwaka mmoja? Miwili?" Nitakupa mifano miwili ya kweli.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, serikali ya Uingereza ilijaribu silaha ya kimeta katika kisiwa kidogo kiitwacho Gruinard, huko Scotland. Kondoo waliofungwa pale walikufa. Kisiwa kikafungwa. Watu wakakatazwa kukanyaga. Miaka zaidi ya 40 ikapita na mbegu bado zilikuwa hai udongoni. Mwaka 1986 walinyunyizia dawa kali iitwayo fomalini, iliyochanganywa na maji ya bahari, tani nyingi sana. Ni mwaka 1990 tu kisiwa kilipotangazwa kuwa salama. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1942 hadi 1990 ni miaka 48.

Mfano wa pili ni wa Urusi, katika nchi ya baridi kali iitwayo Yamal. Kule wafugaji hufuga wanyama wenye pembe kama matawi. Mwaka 1941 kulikuwa na kimeta. Kisha ugonjwa ukakaa kimya. Mwaka 2016 joto lilizidi, ardhi iliyoganda barafu ikayeyuka, kimeta kikarudi. Wanyama zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto mmoja wa miaka 12 alikufa. Ni miaka 75 baadaye.

Basi mtu anayepasua mzoga wa kimeta leo, hatengi nyama ya leo tu. Anapanda shamba. Wajukuu wake ndio watakaovuna.

DAKTARI WA WILAYA NA TONE LA DAMU

Habari hii ya mbegu iligunduliwaje? Zamani huko Ulaya wafugaji walikuwa na malisho waliyoyaogopa. Kila kundi lililochungwa pale lilikufa. Ufaransa waliyaita mashamba yaliyolaaniwa. Watu walitafuta mchawi.

Mwaka 1876 daktari mmoja wa Ujerumani, Robert Koch, alieleza siri hiyo. Hakuwa profesa wa chuo kikuu wakati huo. Alikuwa daktari wa wilaya tu, katika mji mdogo. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Aliiweka katika tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akaitunza katika joto. Akaangalia kwa hadubini saa baada ya saa. Aliona vijiti vikirefuka kama nyuzi. Ndani ya nyuzi akaona mbegu zikitokea. Alipozipa mbegu hizo joto na chakula, zikawa vijiti tena. Koch huyu baadaye alifika hata huku Afrika Mashariki, wakati wa utawala wa Wajerumani, kuchunguza magonjwa ya watu na ya mifugo.

Mwaka 1881 Mfaransa Louis Pasteur alijaribu chanjo ya kimeta mbele ya watu wengi. Kondoo 24 walichanjwa, kondoo 24 hawakuchanjwa. Kisha wote wakatiwa vijidudu vikali vya kimeta. Siku mbili baadaye watu walikuja kuangalia. Waliochanjwa walikuwa wamesimama wanakula. Wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakufa. Hakuna hata mmoja wao aliyepona.

Kwa hiyo malisho yale hayakuwa na laana. Yalikuwa na mizoga ya zamani chini yake. Nawe ukiona mahali ambapo mifugo hufa kila mara, usimtafute jirani wa kumsingizia. Uliza wazee: je, hapa palizikwa nini? Palichunwa nini?

JE, HANDENI NA KOROGWE TUNAHUSIKA?

Hapa nchini kimeta kinajulikana zaidi katika mikoa ya kaskazini, hasa Arusha na Kilimanjaro. Mwaka 1984 kiliua swala wengi katika Hifadhi ya Ziwa Manyara. Mwaka 2016 kilizuka Monduli. Wanyamapori, mifugo na watu walipatwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 5 zilizopata kimeta kwa watu mwaka huo: Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Angalia ramani. Sisi tumezungukwa.

Sisi watu wa Handeni na Korogwe tuko njiani. Mifugo hupita kwetu ikienda minadani na ikienda Dar es Salaam. Korogwe iko katika njia kuu itokayo Moshi na Arusha. Upande wa Mkomazi tuko karibu na wanyamapori. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehama kutoka Ngorongoro na kuja Msomera, wilayani Handeni, pamoja na mifugo yao.

Tafadhali nielewe vizuri. Sisemi kwamba wageni wameleta ugonjwa. Ugonjwa hauna kabila. Nasema kwamba mifugo inatembea, na mbegu ya kimeta haihitaji kibali cha kusafiri. Tena wafugaji waliotoka kaskazini wamekiona kimeta kwa macho yao. Mkulima wa Kizigua au Kisambaa mwenye ng'ombe watatu pengine hajakiona kamwe. Akaulize kwa jirani yake mfugaji. Kuuliza si ujinga.

Wakati wa hatari zaidi ni upi? Ni wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa mafupi na ng'ombe anang'oa hata mizizi na udongo. Tena ni mvua zinapoanza, maji yanapochukua udongo na kuukusanya mabondeni. Basi mabonde ambayo maji hutuama yaangaliwe zaidi.

UTATAMBUAJE?

Dalili za mzoga wa kimeta ni hizi:

1. Mnyama amekufa ghafla, bila kuugua kwa muda mrefu.
2. Damu imetoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Damu hiyo ni nyeusi na haigandi.
3. Mzoga umevimba upesi.
4. Mzoga haukakamai. Miguu hubaki laini.

Si lazima dalili zote zionekane. Mnyama anaweza kufa kwa kimeta bila kutoa damu. Kwa hiyo kanuni ni moja: kifo cha ghafla ni kimeta mpaka mtaalamu aseme sicho.

Mtaalamu atasemaje? Afisa mifugo huvaa glovu. Huchoma mshipa mdogo wa sikio na kuchukua damu kidogo sana. Mzoga haupasuliwi. Damu hupakwa juu ya kipande cha kioo, ikakauka, ikatiwa dawa ya rangi ya buluu. Kwenye hadubini, vijiti vya kimeta huonekana vya buluu, navyo vimezungukwa na utando wa rangi ya waridi kama blanketi. Kijidudu kinachoozesha mzoga hakina blanketi hilo. Hivyo ndivyo wanavyotofautishwa. Vipimo vingine vya hakika zaidi hufanywa katika maabara za serikali za mifugo.

Lakini mzoga ukikaa sana ukaoza, vijiti vile hufa na damu haionyeshi vizuri. Kwa hiyo toa habari mapema. Na kumbuka sufuria ile ya supu. Kichwa kikichemshwa, ushahidi nao umechemshwa.

FANYA HIVI

Kwanza, usimpasue, usimchune, usimburure. Mzoga ukibaki umefungwa, vijiti vilivyomo ndani havipati hewa ya kuwa mbegu. Vitakufa kwa siku chache mzoga unapooza. Adui atakuwa amefia nyumbani mwake. Ukipasua, umemfungulia mlango.

Pili, toa habari kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na afisa mifugo wa kata. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inatutaka tutoe habari. Kutoa habari si kumchongea mtu.

Tatu, linda mzoga. Ufunike kwa miiba na matawi ili mbwa, fisi na tai wasiupasue. Watoto wasisogee. Mifugo mingine iondolewe malisho hayo.

Nne, subiri maelekezo. Kuchoma moto mpaka majivu ndiyo njia bora. Kuni nyingi zinahitajika, na kijiji kisaidiane kuzitafuta. Udongo wenye damu nao uchomwe. Kama kuni hazitoshi, mzoga mzima uzikwe shimo la kina cha mita 2, mbali na kisima na mto, na mahali hapo pawekewe uzio na alama.

Hapa niseme jambo moja. Chuoni nilifundishwa kumwaga chokaa juu ya mzoga kabla ya kufukia. Siku hizi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haushauri hivyo, kwa sababu chokaa inaweza kuisaidia mbegu kudumu. Elimu inakua. Nami nimelazimika kujifunza upya kama wewe unavyojifunza kusoma.

Tano, ngozi isiuzwe. Ngozi ya mnyama aliyekufa kwa kimeta hubeba mbegu hadi mbali. Zamani huko Uingereza wafanyakazi waliochambua sufu viwandani walikufa kwa kuvuta mbegu za kimeta pamoja na vumbi. Mwaka 2008 fundi mmoja wa ngoma alikufa jijini London kwa kimeta alichokivuta kutoka katika ngozi ya kuwambia. Sisi watu wa Tanga tunapenda ngoma. Basi tuulize: ngozi hii ni ya mbuzi gani? Alichinjwa au alikutwa amekufa?

MTU AKIUGUA

Kimeta humwingia mtu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ngozi. Mbegu huingia penye mkwaruzo. Kipele, lengelenge, kisha gamba jeusi lisilouma, na uvimbe kuzunguka. Jina la ugonjwa huu kwa Wazungu limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya makaa, kwa sababu ya weusi wa gamba hilo. Asipotibiwa, mgonjwa anaweza kufa. Kati ya wagonjwa 10 wasiotibiwa, hufa mmoja au wawili. Akitibiwa mapema, karibu wote hupona.

Njia ya pili ni kula. Homa, kutapika, tumbo kuuma sana, kuharisha damu. Hii ni mbaya zaidi.

Njia ya tatu ni kuvuta hewa yenye mbegu, kama yule fundi wa ngoma. Hutokea mara chache, lakini huua upesi.

Dawa zipo. Ni dawa za kuua bakteria, kama penisilini, doksisaiklini na siprofloksasini. Mganga ndiye atakayechagua na kupima kiasi. Usinunue vidonge viwili dukani. Usitumbue kidonda, wala usikipake majani. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na useme neno hili: "Nilichuna ng'ombe aliyekufa ghafla," au "Nilikula nyama yake." Usione haya. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha yako.

CHANJO NI NAFUU KULIKO MAZISHI

Chanjo ya mifugo inayotumika sasa ilitokana na kazi ya Max Sterne, huko Afrika Kusini, katika miaka ya 1930. Alipata kimeta kilichopoteza lile blanketi lake. Kwa kuwa hakina blanketi, mwili wa mnyama hukishinda na kujifunza kupigana. Chanjo ya kimeta hutengenezwa pia hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Chanja kila mwaka, kabla ya msimu wa hatari. Usisubiri ng'ombe wa jirani aanguke, maana kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Mnyama anayechanjwa asipewe dawa za kuua bakteria siku hizo, kwa sababu dawa itaiua chanjo. Asichinjwe pia mpaka siku alizotaja mchanjaji zipite.

NENO KUHUSU KUWAHI KWA KISU

Namalizia kwa jambo ambalo halisemwi waziwazi. Huku kwetu wengi wetu hatuli kibudu. Dini imekataza. Kwa hiyo mnyama akianza kutetemeka na kuyumba, mtu hupaza sauti, "Mwahini!" Anachinjwa kabla hajakata roho. Kisha tunasema nyama ni halali.

Ndugu yangu, sibishani na masheikh. Mimi ni mtu wa shamba tu. Lakini kijidudu hakijui kama mnyama amechinjwa au amekufa mwenyewe. Mnyama anayekufa kwa kimeta, ukimchinja, unamwaga damu iliyojaa vijiti juu ya udongo, mbele ya hewa, katikati ya watu. Hakuna njia nzuri zaidi ya kupanda mbegu. Mnyama mgonjwa asiwahiwe kwa kisu. Awahiwe kwa simu ya afisa mifugo.

Najua uchungu wa kumwangalia ng'ombe wako akifukiwa. Nimesimama na wazee penye mashimo hayo. Hakuna wa kuwalipa. Lakini ng'ombe amekwisha kufa. Hasara hiyo imekwisha ingia. Swali lililobaki ni moja: je, hasara iishie hapo, au tumwongeze na mtoto?

Lile doa la damu katika kijiji kile bado lina uzio. Miiba ikioza, kijana yule mwenye kovu huibadilisha. Hakuna anayemtuma. Watoto wakimwuliza, hukunja mkono wa shati akawaonyesha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mzoga wa kimeta haupasuliwi?
2. Mbegu ya kimeta inafananaje na mbegu ya mkwaju?
3. Ni nani katika kijiji chako wa kupewa habari ng'ombe akifa ghafla? Andika jina lake na namba yake ya simu ukutani.
4. Je, kijijini kwenu kuna mahali ambapo mifugo hufa mara kwa mara? Wazee wanasemaje?
5. Mifugo yako ilichanjwa lini mara ya mwisho?